FARAJA HAIJI PEKE YAKE

Katika kijarida chetu hiki tumezoea kuandika habari za mishahara, saa za kazi na likizo, kwa kuwa hayo ndiyo yanayotuuma kila mwisho wa mwezi. Safari hii twaomba ruhusa yenu tuandike juu ya jambo lisiloonekana katika karatasi ya mshahara. Nalo ni moyo wa kijana anayejifunza kazi ya kutibu watu, pale maafa yanapomkuta kabla hajamaliza masomo yake.

Mwenzetu mmoja aweza kuuliza, "Sisi madereva, wapagazi na wafagiaji, wanafunzi wa udaktari na uuguzi watuhusu nini?" Watuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ni watoto wetu. Hapa Mwakirunge na pande zote za Kisauni wako wazazi waliouza mbuzi, waliokopa, na waliokubali kazi za usiku ili binti au kijana wao aingie chuo akasomee uuguzi au utabibu. Pili, ni wafanyakazi wenzetu. Mwanafunzi akivaa sare na kuingia wodini hugeuza wagonjwa, hupima homa, husafisha vidonda, na hushika mkono wa mtu anayekata roho. Aitwe mwanafunzi, aitwe mwanagenzi, kazi ni kazi.

MVUA HAIULIZI NANI AMEFUZU

Wakubwa miongoni mwetu wanazikumbuka mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ilikatika, kipindupindu kikaenea, na huko kaskazini mashariki, pande za Garissa, homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo. Kisha zikaja mvua za vuli za mwaka 2023 pamoja na El Niño nyingine. Watu zaidi ya 100 walikufa katika nchi yetu, na sisi wa Pwani tulikuwa miongoni mwa waliofurikiwa. Kabla ardhi haijakauka vizuri, ikaingia masika ya mwaka 2024. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliporomoka Mai Mahiu yakazoa nyumba na watu waliolala ndani yake. Masika hiyo ilipokwisha, hesabu ya waliokufa Kenya nzima ilikuwa kiasi cha watu 300.

Sisi wa Mwakirunge twajua maana ya maji mengi. Tangu jaa la Kibarani lilipofungwa, taka za mji wa Mombasa huletwa kwetu. Mvua kubwa ikinyesha, maji hupita takani ndipo yateremke. Vyoo vya shimo hufurika, visima huchafuka, na watoto huanza kuharisha. Basi mfikirieni mwanafunzi wa uuguzi aliyekesha akichota maji kwa sufuria ndani ya nyumba ya mama yake. Alfajiri huvaa sare yenye unyevu, hutafuta gari la kumfikisha daraja la Nyali, na huvuka kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, ile tuiitayo Makadara, kuwahudumia watu waliopatwa na yaleyale yaliyompata yeye. Huyo ni mhudumu, na papo hapo ni mwathiriwa. Mtaalamu aletwaye na shirika la misaada kutoka mbali hufanya kazi njema, lakini muda wake ukiisha hurudi kwao penye ukavu. Mtoto wetu akimaliza zamu hurudi palepale penye matope.

Wala si Kenya tu. Usiku wa tarehe 14 Machi 2019 tufani ya Idai iliupiga mji wa Beira, Msumbiji. Msumbiji, Zimbabwe na Malawi kwa pamoja zilipoteza watu zaidi ya 1,000. Hospitali kuu ya Beira iliharibiwa, na kabla ya mwezi ule kwisha kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuingia. Mji huo una chuo kikuu kinachofundisha madaktari. Wanafunzi wake hawakuwa wakiisoma tufani katika kitabu. Walikuwa ndani ya mji ulioezuliwa mapaa, pamoja na wagonjwa ambao siku moja wangetakiwa kuwatibu.

Kijana wa miaka 20 anayekutana na mambo kama haya hubaki na nini moyoni? Hilo ndilo swali letu.

WATAALAMU WASEMA NINI

Kwa miaka mingi wataalamu wa nafsi walipomwangalia mtu aliyetoka katika maafa walitafuta zaidi vidonda vyake: hofu, ndoto mbaya, kukosa usingizi, kushituka kwa kishindo kidogo. Walikuwa na haki, maana vidonda hivyo ni vya kweli. Wahenga walisema zamani kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushituka. Lakini wako watu ambao, baada ya msiba kupita, walisema kwamba wamevunjika, na papo hapo wamekuwa watu wengine kwa wema.

Wataalamu wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun wa Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Charlotte, walilishughulikia jambo hili. Mwaka 1996 walitangaza kipimo chenye maneno 21 ya kumwuliza mtu aliyepatwa na masaibu. Waliyaweka mabadiliko hayo katika mafungu matano. Tutayataja kwa lugha yetu, na kila moja tutalipa mfano wa mwanafunzi wetu wa tiba.

La kwanza ni kuithamini siku. Aliyeona mtoto akizolewa na maji haichezei tena asubuhi yake. La pili ni kusogea karibu na watu. Mwanafunzi aliyekuwa akimwita mgonjwa kwa namba ya kitanda huanza kumwita kwa jina, huuliza kwao wapi na nyumba imebaki vipi. La tatu ni kujua nguvu zake: "Kama niliweza siku ile, hata hili nitaliweza." La nne ni kuona njia mpya. Aliyetaka kufuzu ahamie mji mkubwa akafungue zahanati yake, huenda sasa akataka kusomea afya ya jamii, apambane na kipindupindu kisimani kabla hakijafika wodini. La tano ni mambo ya roho. Wako ambao imani yao huongezeka, na wako wanaoanza kujiuliza maswali ambayo hawakuwahi kuyauliza.

Haya ni mambo makubwa, na hatuna sababu ya kuyadharau. Nchi ipatayo wauguzi na matabibu wa namna hiyo imebarikiwa. Lakini wataalamu haohao wametoa maonyo ambayo wasemaji wengi huyaruka, na sisi hatutayaruka.

Onyo la kwanza: kukua hakuondoi maumivu. Tarehe 12 Mei 2008 tetemeko lilipiga jimbo la Sichuan, Uchina, na watu wapatao 70,000 wakafa. Wataalamu waliwafuatia vijana wa shule waliookoka, wakaona kwamba hofu na kukua vyaweza kukaa pamoja ndani ya kifua kimoja. Kwa hiyo mwanafunzi akisema, "Mafuriko yamenifunza kuwa mtu," msidhani kwamba amepona. Huenda usiku uleule hakulala.

Onyo la pili ndilo kubwa, na twawaomba mlishike. Maafa yenyewe hayamkuzi mtu. Kinachomkuza ni ile kazi ya moyo afanyayo baadaye: kuyawaza yaliyopita bila kuyakimbia, kuyasema kwa mtu anayesikiliza, kuwa karibu na wenzake waliopita njia hiyo, na kupata nafasi ya kuanza tena. Mvua ikibomoa nyumba, hakuna asemaye kwamba mvua imejenga nyumba mpya. Nyumba mpya hujengwa na mikono, nayo mikono hutaka fito, makuti na chakula cha mchana. Moyo nao ni hivyo hivyo.

Tuongeze na hili. Kipimo cha maneno 21 humwuliza mtu mwenyewe juu ya nafsi yake. Mtu aweza kusema amekua kwa kuwa amekua, na aweza kusema hivyo kwa kujiliwaza, au kwa kuwa ameona kwamba wakubwa wake wapenda kusikia hivyo. Yafaa basi kuyatazama matendo na hali ya mtu, na kutoridhika na majibu yake ya karatasi.

HATARI YA SIFA

Sasa tufike penye jambo la chama. Waswahili husema, "Baada ya dhiki faraja." Methali hii ni njema ikitoka kinywani mwa mama anayemliwaza mwanawe. Ikitoka kinywani mwa mwajiri yafaa tuishike mfuko wa shati. Maana kuna watu ambao, wakisikia kwamba vijana hukua kwa dhiki, huona kwamba dhiki ni sehemu ya mafunzo, tena sehemu isiyogharimu kitu. "Vijana wetu ni mashujaa," watasema katika mkutano, na makofi yatapigwa. Kisha mashujaa watarudi kazini bila glavu, bila mapumziko, na bila mtu wa kuwauliza habari zao.

Tazameni yaliyotokea mwaka 2024. Tangu tarehe 14 Machi mpaka tarehe 8 Mei, siku 56, madaktari wa chama cha KMPDU walikuwa katika mgomo. Jambo moja kubwa katika mgomo ule lilikuwa la madaktari wanagenzi. Mapatano ya mwaka 2017 yalitaja shilingi 206,000 kwa mwezi, na Serikali ikasema italipa shilingi 70,000. Siku hizo hizo ndizo mafuriko yalipokuwa yakiua watu. Hata mgomo ulipokwisha, neno la mshahara wa wanagenzi liliachwa kiporo, na makubaliano ya kulipa kwa kadiri ya mwaka 2017 hayakupatikana mpaka Desemba 2024. Katika mwaka huohuo madaktari waliomboleza wanagenzi waliojitoa uhai, na chama chao kikataja mzigo wa kazi na fedha zisizolipwa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mambo yamepinduka: anayesifu ndiye anayetia maji katika mshahara wa mgema.

Wako wakufunzi wenye nia njema watakaotujibu hivi: "Kazi ya tiba ni ngumu. Mwanafunzi akidekezwa leo, kesho atakimbia damu." Hoja hii ina ukweli ndani yake, nasi hatuombi watoto wetu wadekezwe. Twajua kwamba chuma hufuliwa kwa moto. Lakini kila mhunzi ajua kwamba chuma kikisahauliwa motoni huharibika. Lazima awepo mtu mwenye koleo, anayetazama rangi ya chuma, anayejua wakati wa kukitoa. Swali letu kwa wakuu wa vyuo na hospitali ni moja tu: katika moto huu, mhunzi ni nani? Jina lake nani, na zamu yake saa ngapi?

Sisi wafanyakazi wa Mombasa twalijua jambo hili kwa historia yetu wenyewe. Januari 1947, wafanyakazi wa mji huu zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa sababu ya mishahara midogo na maisha ghali. Njaa ilikuwapo miaka mingi kabla ya hapo. Kilichowabadilisha ni kukutana Kiwanja cha Maskini, mtu akamsikia mwenzake akitaja shida ileile, akajua kwamba si aibu yake peke yake. Dhiki haikuwakuza. Walikua walipoisema dhiki yao pamoja, na chama kikazaliwa.

TWATAKA NINI

Basi, kwa jina la wazazi na wafanyakazi wa upande huu wa bara, twatoa maombi yetu kwa vyuo vya tiba, kwa hospitali, kwa Serikali ya Kaunti na kwa Serikali Kuu.

Moja. Maafa yakitokea, kila mwanafunzi na mwanagenzi aliyehudumia majeruhi au maiti apewe mkubwa wake wa kumwendea: sista mzoefu, tabibu au daktari, kwa jina, na saa ijulikane. Asilazimishwe kusimulia mbele ya watu, maana kumlazimisha mtu kwaweza kumwongezea kidonda. Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya moyo, na shina lake ni maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Hayo hayahitaji jengo jipya. Yahitaji mtu mwenye muda aliopewa rasmi.

Mbili. Mwanafunzi ambaye nyumba yao imefurikiwa apewe siku za kushughulikia jamaa zake, na mtihani wake uahirishwe bila kutozwa karo mara ya pili. Chuo kikikataa kuijua nyumba ya mwanafunzi, kitakuwa kimemfundisha mwanafunzi naye akatae kuijua nyumba ya mgonjwa.

Tatu. Buti, glavu, maji safi, chanjo zinazofaa na gari la kuwarudisha nyumbani usiku viwepo kabla ya masika na kabla ya vuli. Mvua za nchi hii zina miezi yake, na hakuna mkuu awezaye kusema kwamba zimemjia kwa ghafula.

Nne. Wanagenzi walipwe mshahara uliopatanwa, na ulipwe kwa siku yake. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki na mazingira mazuri ya kazi. Mtu anayedaiwa kodi ya nyumba hana nafasi ya kukaa akatafakari maana ya maisha.

Tano. Jeraha la moyo lihesabiwe kuwa jeraha. Tunayo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, na kidole kikikatika ni rahisi kukionyesha, kikapimwa kwa asilimia. Hofu haionyeshwi kwa mkono. Twataka vyama vyote vya wafanyakazi wa afya na vyama vingine vikae pamoja vitengeneze madai haya kwa maneno ya sheria, na wanafunzi wawe na kiti katika mazungumzo hayo.

NA SISI WENYEWE

Ndugu wanachama, tusiwatupie wakubwa mzigo wote. Nyumbani nako kuna kazi. Mara nyingi kijana akirudi kutoka hospitali baada ya siku mbaya, sisi wazazi humwambia, "Wewe ni daktari, wewe hutishiki," au, "Mwanamume halii." Maneno hayo twayasema kwa kujivunia, lakini humfungia mlango. Yafaa zaidi kumpa maji ya kuoga na chakula, na kukaa naye ukumbini bila haraka. Akitaka kusema, atasema. Akinyamaza, leo tumwache, na kesho tuketi tena.

Tena tujue dalili. Akiwa siku nyingi halali, hali, akikasirika kwa jambo dogo, akiingilia ulevi, akijitenga na wenzake, au akianza kusema kwamba maisha hayana faida, hapo tusingoje. Tumpeleke kwa wataalamu kama tunavyompeleka mwenye homa, tena siku hiyo hiyo. Kwenda kutibiwa moyo si wazimu wala si aibu ya ukoo.

Na wale wanaorudi wakiwa wamepata nguvu mpya, tuwape kazi ya kuitumia. Mwanafunzi aliyejifunza maji yenye uchafu hufanya nini katika tumbo la mtoto, tumwite barazani, msikitini, kanisani na katika mikutano ya tawi, atufundishe kabla ya mvua nyingine. Tusimwite apigiwe makofi tu. Tumwite aseme tufanye nini, kisha tufanye. Kuna njia chache za kumliwaza mtu aliyeona kifo zinazopita hiyo ya kumwonyesha kwamba aliyoyaona yameokoa wengine.

Masika na vuli zitakuja tena. Jaa liko palepale, na vijana wetu wataitwa tena wodini kabla hawajafuzu. Wakitoka huko wamekua, tutamshukuru Mungu na kuwashukuru waliowashika mkono. Wakitoka wamevunjika, isiwe kwa sababu sisi tulikaa tukingoja faraja ije yenyewe. Kila tawi lilijadili neno hili katika mkutano wake ujao, na kila mzazi mwenye mtoto katika chuo cha tiba ampelekee katibu majina ya mambo yanayohitajika, ili tuyapeleke kwa pamoja.

Umoja ni nguvu.